UZI: Mfugaji analipia chupa ya dawa, kazi ya daktari wa mifugo halipii. Yanayotukuta Uganda

Daktari wa Mpakani:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisoma Chuo Kikuu cha Makerere pale COVAB, kitengo chake cha tiba ya mifugo, miaka 5 ya shahada, nikazunguka kwanza maeneo ya wafugaji kabla ya kutulia huku mpakani, Tororo na Busia, ninakofanya kazi binafsi. Humu jukwaani kila mara naona mtu anauliza, "Ng'ombe wangu ana homa, nimpige dawa gani?" Majibu yanamiminika: mpige OTC (oksitetrasaiklini), mpige penstrep (penisilini na streptomaisini), changanya hizi antibiotiki mbili. Hakuna anayemuuliza joto limefika ngapi, tezi zimevimba au la, kupe wa aina gani wako masikioni, mara ya mwisho aliogeshwa lini. Dawa imeshatajwa na ugonjwa bado haujajulikana.

Nataka niseme jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu nianze kazi hii. Mfugaji wetu yuko tayari kulipia chupa. Kumlipa mtu aje, ampime mnyama, afikiri, kisha amwambie tatizo ni nini na pengine amwambie kwamba sindano haihitajiki, hilo hayuko tayari. Na kwa maoni yangu karibu kila shida tunayolalamikia katika fani hii, kuanzia njaa ya madaktari vijana hadi kupe wasiokufa, inatokea hapo.

Nitoe mfano. Niliitwa usiku kijiji kimoja nje ya mji wa Tororo. Ng'ombe chotara, uzazi wa kwanza, anahangaika tangu adhuhuri. Miguu miwili ya mbele ya ndama iko nje, kichwa hakionekani. Vijana walishaifunga kamba ile miguu wakavuta kwa zamu, njia imevimba na imekauka. Nikamwosha, nikachoma ganzi mgongoni pale mkia unapoanzia ili aache kusukuma, nikapaka mkono mafuta mpaka begani, nikaingia. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia ubavuni. Hapo ukivuta unamuua ndama na unamchana mama yake. Inabidi umsukume ndama arudi ndani kwanza, upate nafasi, ufuate shingo kwa vidole mpaka ufike tayani, uingize vidole pembeni mwa mdomo, ufunike meno yake kwa kiganja yasichane kizazi, ndipo ugeuze. Mkono unakufa ganzi, unautoa, unaingiza mwingine, unaanza tena kutafuta shingo gizani. Kichwa kilipokaa sawa tukavuta taratibu tukielekeza chini, ndama akatoka hai. Mama akamlamba.

Mwenye ng'ombe alifurahi mpaka akanishika mikono yangu miwili ilivyokuwa michafu. Kisha akauliza, "Daktari, dawa uliyotumia ni ya shilingi ngapi?" Dawa ilikuwa ganzi ya mililita chache tu. Kwa hesabu yake hilo ndilo deni, pamoja na mafuta ya pikipiki kwa sababu mafuta anayajua bei. Si mtu mbaya wala si bahili. Alinikaribisha chakula saa nane ile ya usiku. Ndivyo alivyozoea tu, na ndivyo baba yake alivyozoea.

Na mazoea hayo yana chanzo. Wazee walikuwa na afisa wa mifugo wa serikali, na josho la umma lililo karibu. Miaka ya 1990, mageuzi ya uchumi yalipokuja na masharti ya wafadhili, tiba ikaachiwa watu binafsi, serikali ikabaki na chanjo za magonjwa makubwa, karantini na ukaguzi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikawaweka maafisa wa mifugo chini ya wilaya. Majosho mengi ya umma yakakauka, mengine leo ni mashimo yenye nyasi. Lakini mfugaji hakukalishwa chini akaelezwa kwamba kuanzia sasa ujuzi una bei yake. Alichokiona kwa macho ni maduka ya dawa yakifunguliwa kila senta.

Basi akajifunza mpangilio huu: mnyama akiugua, kwanza jirani, kisha duka, kisha miti shamba, kisha kijana fulani anayejua kudunga sindano, mwisho daktari. Mimi nafika siku ya nne au ya tano. Kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, siku ya tano ni habari nyingine kabisa. Ukimwahi siku ya kwanza utamkuta na joto la nyuzi 40 au 41, tezi ya chini ya sikio imevimba, bado anakula kidogo. Buparvakwoni inafanya kazi vizuri hapo, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, ndani kabisa ya msuli wa shingo. Ukichelewa, mapafu yameshajaa maji, povu linatoka puani, anahema shingo imenyooka. Dawa ni ileile na bei ni ileile, ila mnyama atakufa, na kijijini watasema daktari alikuja akamdunga akafa.

Tena mara nyingi ameshapigwa OTC siku tatu na nusu dozi ya buparvakwoni, kwa sababu dozi kamili ya ng'ombe wa kilo 300 ni mililita 15 na pesa ilitosha nusu.

Upande wetu sisi madaktari nako mambo yameharibika kwa sababu hiyohiyo. Daktari kijana akiona kwamba anayelipwa ni chupa, atauza chupa. Atamdunga hata ng'ombe aliyehitaji maji na kivuli, maana asipodunga harudi na kitu nyumbani. Nawajua wenzangu wazuri, wenye akili kuliko mimi, ambao leo ni wauzaji wa dawa za kampuni, wanatembea na sampuli na kalenda. Wengine wamejiunga na mashirika kwenye miradi isiyo na mnyama hata mmoja. Siwalaumu, kodi ya nyumba haingoji.

Kupe ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Kule Mbarara, Kiruhura na wilaya jirani, watafiti wa Makerere na wenzao walishaonyesha kwamba kupe wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, na kwingine hata kwa amitrazi na mchanganyiko wa dawa. Usugu huo unalelewa nyumbani: bomba moja la lita 20 linanyunyiziwa ng'ombe ishirini, wa mwisho anapata harufu tu, dawa inazimuliwa kwa macho, msimu huu jina hili, msimu ujao jina lingine, kumbe zote ni jamii moja. Akifika mahali hakuna inayoua, anachukua dawa ya mimea, ile ya nyanya na kahawa, anaimwagia ng'ombe anayekamuliwa. Na maziwa yanaenda sokoni.

Halafu kuna yale yanayowagusa hata wasiofuga. Daktari asiyeitwa hawezi kukiona kimeta. Kyotera mwaka 2023 watu waliugua baada ya kuchinja na kula ng'ombe waliojifia. Kabale 2016, homa ya Bonde la Ufa ilipotokea tena Uganda kwa mara ya kwanza tangu 1968, mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa mchinjaji. Ugonjwa ulikuwa zizini kabla ya kufika hospitali. Mtu anayepaswa kuugundua pale zizini ndiye huyu ambaye nauli yake inabishaniwa.

Nafanyaje mimi? Sasa hivi nataja bei ya kufika na kupima kabla sijawasha pikipiki, na dawa naiandika peke yake, kwa bei ya duka. Nimepoteza wateja, ndiyo. Waliobaki wananiita mapema zaidi, kwa sababu wanajua nikifika nisipoona haja ya dawa hawatanunua dawa.

Karibuni, wafugaji, wenye maduka, wenzangu. Nataka kusikia na upande wenu.

Mfugaji Nyabushozi:

Daktari, umesema kweli kuhusu kupe, mimi ni shahidi. Huku kwetu nimeona mtu anachanganya dawa tatu kwenye ndoo moja na bado kupe wanatembea masikioni. Lakini na sisi tuseme ya kwetu.

Nimewahi kulipa daktari aje. Alikuja, hakushika hata kipimajoto, akaniuliza "hali chakula?" nikasema ndiyo, akatoa chupa mbili kwenye begi, akadunga, akadai laki na nusu. Mnyama hakupona. Sasa wewe unaniambia nilipie kufikiri. Nilipie kufikiri gani hapo? Yule wa dukani angalau nampa elfu ishirini na tunajua wote kwamba anabahatisha.

Jambo la pili, karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, kama miaka ya 2023 na 2024, masoko yanafungwa, ng'ombe hawauziki, ada ya shule inadaiwa. Daktari wa serikali tunamwona siku hiyo tu, akiwa na polisi. Chanjo ikija inatosha baadhi, wengine tunasubiri. Ndiyo maana watu wanawakwepa.

Daktari wa Mpakani:

Mzee wangu, aliyekuja bila kipimajoto hukuwa na sababu ya kumlipa. Nasema hivyo waziwazi. Mtu akija kwako mwulize mambo matatu: amesajiliwa na Bodi ya Veterinari? Amepima joto? Amekuambia anadhani ni ugonjwa gani na kwa nini? Akishindwa moja, mpe nauli aende. Mnyama mwenye homa, achukuliwe tone la damu sikioni na maji ya tezi, vipakwe kwenye kioo, vitazamwe kwa hadubini. Kioo hicho kinatofautisha ndigana kali, ndigana baridi na nagana, na kila mmoja una dawa yake. OTC inasaidia huo wa kati tu, ndigana baridi.

Kuhusu miguu na midomo, hasira yenu naielewa. Virusi vyake viko vya aina kadhaa, Uganda tuna O, A na zile za SAT, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Kinga yenyewe inadumu kama miezi 6, kwa hiyo unahitaji kuchanja mara mbili kwa mwaka, na chanjo tumekuwa tukiiagiza nje, Botswana na Kenya. Ikichelewa bandarini au wizarani Entebbe, anayekuja kuwaeleza ni afisa wa gombolola ambaye hakupewa hata mafuta. Anatukanwa yeye. Nimewaona wakilia, wanaume wazima.

Duka la Dawa Mbale:

Mimi nina duka, nina leseni ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, na nina diploma ya afya ya mifugo. Naomba tusifanywe wabaya peke yetu.

Mteja anakuja na elfu tano mkononi. Nguruwe wake haamki. Namwambia mwite daktari, anacheka. Nikimnyima dawa anavuka barabara, jirani yangu anamuuzia na hamuulizi swali hata moja. Nimejaribu kumwandikia mtu kwenye karatasi "usiuze maziwa mpaka siku hizi ziishe", kesho yake mke wake yuko sokoni na jerikeni.

Na nguruwe ndio msiba mkubwa sasa hivi. Tangu PDM, ule mpango wa serikali wa mikopo ya parishi, uanze 2022, kaya inapata milioni 1, wengi wamenunua nguruwe. Homa ya nguruwe ikipita, kijiji kizima kinabaki na mabanda matupu na mkopo.

Daktari wa Mpakani:

Ndugu yangu, duka lako ndilo mlango wa kwanza, na mimi sitaki ufungwe. Huku Busia nina maduka mawili ninayoshirikiana nayo. Mteja akieleza dalili zinazotia shaka, mwenye duka ananipigia simu mbele yake, naongea naye bure, kisha tunaamua kama naenda. Dawa ananunua kwake, mimi silipwi kamisheni kwenye dawa. Pesa yangu ni ya kufika. Kila mmoja anajua la kwake.

Homa ya nguruwe umeitaja vizuri. Masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, joto kali, wanakufa ndani ya siku chache, wakubwa kwa wadogo. Haina tiba, na huku kwetu hatuna chanjo ya kumpa mfugaji. Anayedunga sindano pale anakula pesa ya maskini. Inazuilika kwa mambo ya mikono: banda lifungwe, mabaki ya chakula yachemshwe nusu saa, dume la kupandisha lisizungushwe nyumba kwa nyumba, mnunuzi wa nguruwe asiingie bandani na buti zake. Tena walioanza kuugua wasiuzwe haraka haraka, maana nyama ile inaupeleka ugonjwa parishi ya pili. Hayo yote ni maneno. Hakuna chupa hapo, na ndiyo maana hakuna anayelipia, na kwa miaka hii yote ndiyo yangewaokoa watu wa PDM kuliko dawa yoyote.

Binti Moroto:

Daktari, shikamoo. Mimi ni paraveti, yaani mhudumu wa mifugo asiye daktari kamili, nipo Karamoja, na huku Kiswahili ndicho kinachotuunganisha tuliotoka mbali na wenyeji.

Napingana nawe kidogo. Hiyo ada ya kufika inawezekana penye barabara na maziwa yanayouzwa kila asubuhi. Huku mwenye ng'ombe mia hana noti mfukoni. Tena kambi imehama, utamfuata siku nzima kwa miguu. Kilichofanya kazi Karamoja ni wafugaji wenyewe kufundishwa. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, tuliishinda hivyo: miaka ya 1990 vijana wa kambini walipewa chanjo inayostahimili joto, wakaenda nayo mahali gari haliendi, na mwaka 2011 dunia ikatangaza ugonjwa umetokomea. Madaktari wa mjini peke yao wasingeweza.

Mimi nalipwa mbuzi mara nyingi, na nashukuru. Tatizo langu lingine ni kwamba nikifika kambi mpya wanatazama nyuma yangu, wanauliza daktari mwenyewe yuko wapi. Nikishamwangusha fahali kwa kamba moja mbele yao, maswali yanaisha.

Daktari wa Mpakani:

Marahaba, binti yangu. Hapo umenirekebisha na nakubali. Hoja yangu inasimama penye soko la maziwa, kwenu haisimami hivyo. Lakini angalia: yule kijana wa kambini alilipwa kwa ujuzi wake, iwe mbuzi iwe heshima. Ninachokataa mimi ni ujuzi kufichwa ndani ya bei ya dawa. Wasiwasi wangu na wahudumu wa namna hiyo ni pale mradi unapoondoka, hawana wa kuwaongoza, na wao wanageuka wauza chupa.

Mwaka wa Nne:

Shikamoo daktari. Niko COVAB mwaka wa nne. Nimesoma uzi wote na nimeogopa. Wenzangu wawili tayari wana homa ya kutupa mimba, waliipata mafunzoni. Mama yangu ananiambia bora ningesoma famasia. Niendelee?

Daktari wa Mpakani:

Marahaba. Endelea, lakini jilinde kama mtu anayetaka kufanya kazi hii miaka thelathini. Kondo la nyuma na mimba iliyotoka usishike bila glovu ndefu, hata kama mwenye zizi anakuona mwoga. Brusela, hiyo homa ya kutupa mimba, inaingia kwa mikono na kwa maziwa mabichi, na ikishaingia inakaa kwenye viungo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipate kabla hujaumwa, usingoje. Ng'ombe aliyekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, hata mkufunzi akikutuma. Anazikwa kwa kina. Na homa yoyote baada ya kuumwa na kupe au kushika damu ya mnyama, mwambie daktari wa watu kazi unayofanya. Watadhani malaria siku zote.

Pesa ni ngumu miaka ya mwanzo, sikufichi. Serikali iliongeza mishahara ya wanasayansi mwaka wa fedha 2022/2023 na wenzetu walioajiriwa wamepumua, ila nafasi ni chache. Kazi binafsi inataka eneo moja ulikae, wakujue. Usihame hame.

Mfugaji Nyabushozi:

Daktari, nimerudi. Tumezungumza na majirani zangu wanaopeleka maziwa kwenye kituo kimoja. Wanataka tumpate daktari mmoja tumlipe kwa mwezi, kituo kikate kwenye maziwa. Tuandike nini ili tusigombane baadaye?

Daktari wa Mpakani:

Mzee, hiyo ni habari njema kwangu leo. Andikeni hivi. Malipo ya mwezi ni ya ziara za kawaida: apite kila zizi kwa siku iliyopangwa, apime, aangalie kupe na viwele, awapangie dawa ya kuogesha ya jamii moja kwa wote kwa wakati mmoja, ibadilishwe kwa mpango na si kwa tetesi. Simu za usiku na uzazi mgumu ziwe na bei yake, itajwe sasa. Dawa mnunue wenyewe kwa risiti, yeye asiuze. Kila zizi liwe na daftari: tarehe, ng'ombe gani, joto, dawa, siku za kutouza maziwa. Daftari libaki kwenu, ili akiondoka msianze upya. Akishindwa kufika siku zake bila taarifa, kituo kisitoe pesa ya mwezi huo.

Chanjo ya miguu na midomo na hati ya kusafirisha ng'ombe msiziweke humo. Hizo ni za ofisi ya wilaya, na daktari wenu binafsi akiwaahidi kwamba atawapitishia ng'ombe wakati wa karantini, mtafuteni mwingine.